Qatar na suala la Palestina: Namna nchi ndogo inavyobeba upatanishi na mshikamano kwa pamoja

Na Mwandishi Wetu

Katika ramani ya dunia, Qatar ni rasi ndogo inayochomoza kutoka Bara Arabu na kuingia katika maji ya Ghuba. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 11,500, na wakazi wake ni kama milioni tatu, wengi wao wakiwa wageni wanaofanya kazi nchini humo. Hata hivyo, tangu vita vilipozuka katika Ukanda wa Gaza mwezi Oktoba 2023, ni nadra kusikia taarifa ya mazungumzo ya kusitisha mapigano bila jina la mji mkuu wake, Doha, kutajwa.

Nchi hiyo haina uhusiano wa kidiplomasia na Israel, na haijawahi kuficha kwamba inaunga mkono haki ya Wapalestina kuwa na dola yao. Swali ambalo wengi hujiuliza ni namna gani nchi yenye msimamo ulio wazi hivyo inaweza kukubaliwa kuwa mpatanishi. Makala hii inaeleza misingi ya diplomasia hiyo, matokeo yake na gharama ambayo Qatar imelipa.

Msingi wa kwanza upo katika Katiba ya nchi hiyo, iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwaka 2003. Ibara ya 7 inaelekeza kuwa sera ya mambo ya nje itajengwa juu ya kuimarisha amani ya kimataifa kwa kuhimiza utatuzi wa migogoro kwa njia ya amani. Ibara hiyo hiyo inaitaka Serikali kuunga mkono haki ya mataifa kujiamulia mambo yao yenyewe. Kwa maneno mengine, upatanishi na mshikamano na watu wanaodai haki vimewekwa pamoja katika ibara moja. Kwa Doha, kusuluhisha hakumaanishi kukosa msimamo. Kunamaanisha kuendelea kuzungumza na kila upande huku msimamo ukijulikana.

Msingi wa pili ni jiografia. Qatar ilipata uhuru tarehe 3 Septemba 1971. Utajiri wake mkubwa ni gesi asilia iliyo chini ya bahari, katika hifadhi ambayo inachangia na Iran. Nchi pekee inayopakana nayo kwa ardhi ni Saudi Arabia. Wakati huohuo, nchi hiyo ni mwenyeji wa kambi kubwa ya jeshi la Marekani ya Al Udeid. Nchi ya namna hiyo haiwezi kujilinda kwa wingi wa askari. Kinga yake ni kuhitajiwa na wengi, na ndiyo sababu imejenga taratibu desturi ya kupokea wageni ambao hawako tayari kukutana kwingineko. Makundi hasimu ya Lebanon yalipatana Doha mwezi Mei 2008, na Marekani na Taliban walitia saini makubaliano yao mjini humo tarehe 29 Februari 2020.

Kuhusu Palestina, safari ya Qatar haikuwa ya mstari mmoja. Mwaka 1996, katika kipindi cha matumaini yaliyofuata makubaliano ya Oslo, ofisi ya biashara ya Israel ilifunguliwa Doha, hatua iliyokuwa nadra kwa nchi ya Ghuba. Mwezi Januari 2009, wakati wa vita vya Gaza, Qatar iliamua ofisi hiyo ifungwe. Mwaka 2020, Falme za Kiarabu na Bahrain zilipoanzisha uhusiano kamili na Israel, Qatar haikuungana nazo. Imeendelea kushikilia Mpango wa Amani wa Nchi za Kiarabu wa mwaka 2002, unaotaka dola ya Palestina ipatikane kwanza katika ardhi iliyokaliwa mwaka 1967, Jerusalem Mashariki ikiwa mji mkuu wake, ndipo uhusiano wa kawaida ufuate.

Mwaka 2012 viongozi wa kisiasa wa Hamas waliondoka Damascus, na ofisi yao ikahamia Doha. Qatar imeeleza mara kwa mara kuwa ilikubali kuwapokea baada ya kuombwa na Marekani, ili pawepo njia ya mawasiliano na kundi ambalo Washington yenyewe haikuwa ikizungumza nalo moja kwa moja. Njia hiyo ndiyo iliyotumika baada ya shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, ambapo watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israel na wengine 251 wakachukuliwa mateka, na vita vilivyofuata Gaza, ambavyo kufikia Oktoba 2025 vilikuwa vimeua watu zaidi ya 67,000 kwa mujibu wa Wizara ya Afya ya Gaza.

Ni vyema kufahamu namna kazi hiyo inavyofanyika. Katika mazungumzo haya, Israel na Hamas hawakai meza moja. Wapatanishi hupokea pendekezo la upande mmoja, hulifikisha kwa upande wa pili, kisha hurudi na majibu, wakati mwingine mara nyingi kwa siku moja. Sehemu ngumu mara nyingi huwa katika utekelezaji: majina yaliyomo kwenye orodha, idadi ya malori ya misaada, kivuko kitakachotumika na saa ya kuanza.

Usitishaji mapigano wa kwanza, ulioanza tarehe 24 Novemba 2023, ni mfano mzuri. Siku ya pili tu, Hamas walichelewesha kuwaachia mateka wakidai kuwa misaada haifiki kaskazini mwa Gaza kama ilivyokubaliwa. Kwa saa kadhaa ilionekana kuwa makubaliano yamevunjika. Maofisa wa Qatar na Misri waliwasiliana na pande zote mbili, na usiku huo mateka wakaachiwa. Usitishaji huo ulidumu siku saba. Katika siku hizo, mateka 105 walirejea kwao, wakiwemo raia 23 wa Thailand, na Wapalestina 240 waliachiwa kutoka magereza ya Israel.

Sambamba na diplomasia hiyo, mshikamano wa Qatar na Wapalestina umeonekana kwa vitendo. Tarehe 23 Oktoba 2012, Amiri wa wakati huo, Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani, alizuru Gaza akiwa mkuu wa nchi wa kwanza kufanya hivyo tangu Hamas ilipochukua udhibiti wa eneo hilo mwaka 2007, na akaahidi Dola za Marekani milioni 400 kwa ajili ya nyumba, barabara na hospitali. Miongoni mwa matunda ya misaada hiyo ni hospitali ya utengamao na viungo bandia iliyofunguliwa Gaza mwaka 2019, ambayo ina jina lake. Mwezi Desemba 2023, Amiri wa sasa, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, alitangaza kuwa Qatar itawatibu Wapalestina 1,500 na kuwalea yatima 3,000. Wengi wa majeruhi waliofika Doha na ndugu zao walipewa makazi katika eneo la Al Thumama, katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2022.

Kombe hilo lenyewe lilidhihirisha hisia za watu wa kawaida. Palestina haikufuzu, lakini bendera yake ilionekana viwanjani na mitaani karibu kila siku, na wachezaji wa Morocco waliipeperusha uwanjani baada ya kuitoa Hispania. Mwezi Januari 2024, Qatar ilipokuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Asia, nahodha wake, Hassan Al-Haydos, alimwachia nahodha wa Palestina, Musab Al-Battat, heshima ya kusoma kiapo cha mashindano. Mapato ya tiketi yalielekezwa katika misaada kwa Wapalestina. Palestina ilipata ushindi wake wa kwanza katika historia ya mashindano hayo kwa kuifunga Hong Kong mabao 3-0, kisha ikatolewa na Qatar yenyewe kwa mabao 2-1.

Pamoja na hayo, nafasi hiyo haikosi lawama. Wapo wanasiasa wa Israel na Marekani wanaoituhumu Qatar kwa kuwahifadhi viongozi wa Hamas, na kwa fedha ilizopeleka Gaza kuanzia mwaka 2018. Qatar hujibu kuwa fedha hizo zilikwenda kwa familia maskini, mishahara na mafuta ya kuzalisha umeme, na kwamba Israel ilijua na kuridhia. Kwa upande mwingine, wapo wanaoiuliza inawezaje kuwa mwenyeji wa kambi ya Marekani, nchi inayoipatia Israel silaha. Mwezi Novemba 2024, Qatar ilitangaza kusimamisha upatanishi hadi pande husika zioneshe nia ya dhati. Mazungumzo yalirejea, na tarehe 15 Januari 2025 Waziri Mkuu, Sheikh Mohammed bin Abdulrahman Al Thani, akatangaza makubaliano mapya mjini Doha. Nayo yalivunjika tarehe 18 Machi.

Gharama kubwa zaidi ilikuja tarehe 9 Septemba 2025, pale ndege za Israel ziliposhambulia Doha zikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa wakijadili pendekezo la Marekani. Watu sita waliuawa, akiwemo askari wa usalama wa Qatar. Siku sita baadaye, viongozi wa nchi za Kiarabu na Kiislamu walikutana kwa dharura mjini humo kulaani shambulio hilo. Tarehe 29 Septemba, Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alimpigia simu mwenzake wa Qatar kutoka Ikulu ya Marekani, akaeleza masikitiko yake kwa kifo cha askari huyo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Qatar ilirudi mezani, na tarehe 13 Oktoba 2025, mjini Sharm el-Sheikh, Amiri Tamim alitia saini tamko la kusitisha vita pamoja na viongozi wa Marekani, Misri na Uturuki. Siku hiyo mateka 20 waliokuwa hai walirejea kwao, na Wapalestina wapatao 2,000 wakaachiwa kutoka magereza na vizuizi vya Israel.

Kwa Watanzania, matokeo ya makubaliano hayo hayakuwa habari ya mbali. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo walipoteza maisha kufuatia shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Mwili wa mmoja ulizikwa nyumbani mwaka huohuo. Mwili wa mwenzake ulibaki Gaza kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Novemba 2025 ulipokabidhiwa kwa kupitia Msalaba Mwekundu chini ya makubaliano ya usitishaji vita. Familia iliyokuwa ikisubiri kuzika ilinufaika na meza ambayo Tanzania haikuketi.

Vilevile, ukanda wetu umeanza kuifahamu meza hiyo. Tarehe 18 Machi 2025, Rais Félix Tshisekedi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Doha, na tarehe 19 Julai Serikali ya Congo na kundi la M23 walitia saini tamko la misingi ya amani mjini humo.

Pamoja na mafanikio hayo, upatanishi una mipaka. Unaweza kurejesha mateka, kufungua kivuko na kunyamazisha bunduki kwa muda, lakini hauwezi peke yake kuwapatia Wapalestina dola wala Waisraeli usalama wa kudumu. Hayo yanategemea uamuzi wa pande zenyewe na utashi wa mataifa makubwa. Tanzania, ambayo ina uhusiano na pande zote mbili, imeendelea kuunga mkono suluhisho la mataifa mawili yanayoishi jirani kwa amani. Hadi suluhisho hilo litakapopatikana, patahitajika mtu wa kupokea simu ya kila upande usiku wa manane, na kwa sasa mojawapo ya simu hizo hupokelewa Doha.