Je, Wajua? Homa ya Baada ya Kidonge

Je, wajua kwamba kisiwani Mafia ndiko Tanzania ilikoanzia kampeni ya kutokomeza matende na mabusha, mwaka 2000? Watu walipewa dawa mbili, ivermectin na albendazole, hata wale waliojiona wazima kabisa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Minyoo ya ugonjwa huu, inayoenezwa na mbu, yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Vitoto vyake huingia kwenye damu ya pembeni usiku, na ndiyo maana wapimaji waliotumia darubini walichukua damu watu wakiwa wamekwisha kulala. Jambo la namna hii lisipoelezwa mapema, huzaa maneno.

Kisha, baada ya kumeza dawa, huja homa, kichwa kuuma, kizunguzungu, pengine korodani kuvimba. Mara nyingi si sumu ya dawa: ni mwili ukipambana na minyoo inayokufa, na kwa kawaida hali hiyo hupoa ndani ya siku chache. Aliyeambiwa kabla huisubiri ipite. Asiyeambiwa huamini uvumi, ukiwemo ule uliosikika pwani kwamba vidonge huua uzazi.

Usalama una masharti yake pia: ivermectin hupimwa kwa kimo, na mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito.

Mgawa dawa akibisha hodi, muulize kidonge kitakufanya nini. Ni haki yako kujibiwa kabla ya kumeza.