Gitaa la Zamani Mezani kwa Fundi wa Redio

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, na wanamuziki wa eneo hilo wakawa wanampelekea amplifaya zilizozimika. Mwaka 1950 alipoanza kuuza gitaa lake la umeme la mwili mgumu, lile ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster, alikuwa ameliunda kama mtu anayejua kwamba kila kifaa kitaharibika siku moja na kurudishwa mezani. Shingo hakuigundisha mwilini kama walivyozoea mafundi wa magitaa. Aliifunga kwa skrubu nne. Ikipinda, inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Vitasa vya sauti, yaani vidhibiti vinavyozungushwa kuongeza au kupunguza sauti, na swichi vilikaa chini ya bamba la chuma linalong'oka kwa bisibisi, na ndani yake hamkuwa na kitu ambacho fundi wa redio wa wakati ule hakukijua.

Hii ndiyo sababu gitaa la umeme lenye umri wa miaka 50 au 60 linaweza kupona hata mahali ambapo hakuna fundi wa magitaa. Mwenye mita, risasi na chuma cha kuchomelea, na subira ya kutosha ana karibu kila kinachohitajika.

Afrika Mashariki magitaa ya namna hiyo yamefanya kazi ngumu. Bendi nyingi kubwa za dansi Tanzania zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo mpiga solo akihama bendi, gitaa alikuwa analiacha. Chombo kimoja kikapita mikono mingi, katika jasho la ukumbi na, kwa bendi za pwani, hewa yenye chumvi. Jasho na chumvi ndio maadui wakubwa wa gitaa la umeme, kwa sababu vyote viwili hula chuma na shaba.

Vipuri vikiliwa hubadilishwa, na ubadilishaji huo si aibu kwa gitaa. Mwaka 1970 mpiga gitaa Eric Clapton alinunua magitaa kuukuu kadhaa ya Fender ya aina ya Stratocaster katika duka moja la Nashville. Tatu aliwapa rafiki zake George Harrison, Pete Townshend na Steve Winwood. Tatu nyingine alizifungua, akachukua kilicho bora katika kila moja na kuunga gitaa moja jeusi aliloliita Blackie. Alilipiga miaka mingi, na lilipopigwa mnada mwaka 2004 lilifika dola 959,500. Gitaa la vipande.

Tatizo la vipuri mara nyingi ni kipimo. Viwanda vya Marekani vilitumia inchi, vya Japani na baadaye China vikatumia milimita, na tofauti hizo ni ndogo kiasi cha kumdanganya mtu anayetazama picha tu. Mhimili wa kitasa cha sauti cha Kimarekani una unene wa milimita 6.35, wa Asia kwa kawaida ni 6. Tundu linalopitisha kitasa kwenye bamba ni karibu milimita 9.5 kwa cha Kimarekani, ilhali vitasa vingi vidogo vya Asia hupita katika tundu la 7 au 8. Daraja la Stratocaster ya zamani limepanga nyuzi zake katika upana wa karibu milimita 56, na madaraja mengi ya kisasa yana karibu 52. Urefu wa uzi, kutoka kwenye nati, kidaraja kidogo cha mwisho wa shingo, hadi darajani, ni milimita 648 kwa magitaa ya Fender na karibu 628 kwa ya kampuni ya Gibson, kwa hiyo shingo ya moja haiwezi kuhamishiwa kwenye jingine hata kama skrubu zinakubali: freti zote zitakuwa mahali pasipo pake na gitaa halitaimba sawasawa. Anayeagiza kipuri kutoka nje bila kwanza kupima alichonacho kwa kalipa hutupa fedha, na hutupa pia wiki nyingi za kusubiri.

Magitaa ya Kijapani ya miaka ya 1960 yana ugumu wake. Kampuni ya Teisco ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967, na magitaa yake yaliuzwa nje kwa majina chungu nzima kulingana na duka lililoyaagiza. Jina lililo kichwani mwa shingo kwa hiyo halimsaidii sana anayetafuta vipuri. Kinachosaidia ni umbo la pikapu (kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), idadi ya swichi na jinsi daraja lilivyofungwa. Vipuri vyake halisi hupatikana kwa kuvunja gitaa jingine la aina hiyohiyo, au havipatikani kabisa.

Kisichopatikana hutengenezwa. Ushahidi mzuri unatoka katika bendi iliyomtambulisha mtoto wa Zanzibar kwa dunia. Brian May, aliyepiga gitaa nyuma ya Freddie Mercury katika Queen, hakuwa na fedha za kununua gitaa zuri alipokuwa kijana London. Kuanzia mwaka 1963 yeye na baba yake, aliyekuwa mtu wa elektroniki, waliunda la kwao. Mbao za shingo zilitoka katika sehemu ya kuotea moto ya nyumba ya zamani. Springi za daraja zilikuwa za vali za pikipiki ya mwaka 1928. Alama za shingoni zilikatwa kutoka vifungo vya lulumizi katika kikapu cha kushonea cha mama yake. Pikapu waliishia kuzinunua dukani, baada ya zile walizojitengenezea kutoridhisha. Gitaa hilo ndilo linalosikika katika rekodi nyingi za Queen, na mwaka 1998 lilifanyiwa ukarabati mkubwa wa kwanza.

Pikapu inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo magitaa mengi ya zamani huuawa na mtu mwenye nia njema. Ndani yake kuna sumaku na waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Pikapu ya Stratocaster huwa na karibu mizunguko 8,000. Waya huo una unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na umepakwa vanishi nyembamba ili mzunguko mmoja usigusane na mwingine. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, na huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya.

Pikapu ikinyamaza, hatua ya kwanza ni kuweka mita kwenye ncha zake mbili. Pikapu nzima ya Fender ya zamani husoma karibu kilo-omu 6. Ya koili mbili ya Gibson husoma kati ya 7 na 9. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Wengi hukata tamaa hapo na kuagiza pikapu mpya, na ni haraka mno. Mara nyingi waya umekatika nje kabisa, pale ambapo ncha yake nyembamba imechomelewa kwenye waya mnene wa kutokea. Chini ya kioo cha kukuzia na taa kali, fundi anaweza kufungua nusu mzunguko wa juu, kukwangua vanishi taratibu na kuchomelea upya. Pikapu hurudi na sauti yake ileile. Mkato ukiwa ndani, koili lazima izungushwe upya, na bado sumaku na bamba za asili hubaki.

Katika pikapu nyingi za Fender za zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya vijiti vya sumaku. Mtu akibonyeza kijiti kwa kidole gumba, akidhani anarekebisha urefu wake, kijiti hukwaruza waya na kuukata. Vijiti hivyo havipaswi kuguswa. Urefu wa pikapu hurekebishwa kwa skrubu za pembeni tu.

Kinachokwaruza na kukoroma wakati sauti inapoongezwa si pikapu. Ni kitasa cha sauti, kile kile kilichokuwa katika redio za mbao. Vumbi limeingia kwenye njia yake ya kaboni. Dawa ya kusafishia kontakti ikipulizwa ndani kupitia uwazi wa nyuma, kisha mhimili ukazungushwa mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini, kelele kwa kawaida huisha. Kikibidi kubadilishwa, magitaa ya pikapu za koili moja hutumia kilo-omu 250 na ya koili mbili hutumia 500. Cha thamani kubwa kikitumika mahali pa cha thamani ndogo, sauti huwa kali kupita kiasi, na wapigaji wengine huipenda hivyo.

Kabla ya kukitupa kitasa cha zamani, fundi asome namba zilizopigwa mgongoni mwake. Katika vitasa vya Kimarekani tarakimu tatu za kwanza hutaja kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata hutaja mwaka na wiki, kwa hiyo 1376645 ni kitasa cha CTS cha wiki ya 45 ya mwaka 1966. Gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo kama kitasa ni chake cha awali. Linaweza kuwa la miaka kadhaa baadaye, maana viwanda vilinunua shehena kubwa na kuzitumia polepole. Kwa mwenye gitaa la thamani, namba hizo ni sehemu ya cheti chake, na kila kipuri kinachotolewa kinafaa kuwekwa katika mfuko na kubaki ndani ya sanduku la gitaa. Kupaka rangi upya hushusha bei ya gitaa la zamani kuliko karibu ukarabati mwingine wowote.

Jambo moja halisubiri. Muungurumo unaokoma mpigaji anaposhika nyuzi ni wa kawaida, kwani nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya saketi. Lakini mpigaji akirushwa na umeme anapogusa maikrofoni, kosa liko kwenye amplifaya au nyaya za ukumbi, na lazima muziki usimame. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, Wales, kwa kushika maikrofoni isiyounganishwa vizuri na ardhi.

Kisha kuna mbao. Ubao wa juu ya shingo, ule ambao vidole hubonyezea nyuzi, katika magitaa mengi mazuri ni wa jamii ya Dalbergia, ambamo mpingo wa Tanzania nao umo. Kuanzia Januari 2017 jamii hiyo yote iliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na wenye magitaa wakalazimika kuwa na vibali kuyavusha mipaka kibiashara. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo, isipokuwa vya Dalbergia nigra ya Brazili, inayolindwa vikali tangu 1992. Mbao ghafi bado zina masharti yake.

Fundi wa Dar es Salaam ana faida hapo, kwa sababu ukarabati wa ubao mweusi wa shingo hauhitaji ubao mpya, ila vumbi la mbao tu, nalo liko karibu naye. Vishimo vilivyochimbwa na vidole chini ya nyuzi hujazwa kwa vumbi la mbao ya rangi hiyohiyo na tone la supaglu, kisha husuguliwa kwa msasa laini hadi mkono usihisi mpaka. Vumbi la mpingo linapatikana kwa wachonga vinyago wa Mwenge.