Fedha ya Msaada na Msimu wa Kulima

Mazungumzo yetu leo si ya mbegu wala ya viwavi. Tutazungumza juu ya fedha, ile ambayo kaya yenye dhiki hupewa mkononi bila kudaiwa. Hapa Tanzania wengi mnaijua kwa jina la TASAF. Mfuko huo wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukazinduliwa mwezi wa Agosti 2012. Tangu hapo neno "mlengwa" likaingia vijijini, na siku ya malipo ikawa siku kweli kweli, mama wa vitumbua akifika uwanjani kabla ya karani.

Maneno yamesemwa mengi. Wapo waliosema hela ya bure itawafanya watu wavivu, na wapo waliosema itaishia kilabuni. Huko tutafika. Kwanza tujiulize jambo ambalo ni la mkulima hasa: kaya ikijua kwamba fedha fulani inakuja, hupangaje mambo yake?

Tuchukue nyumba moja ya mfano, sehemu za Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja. Ekari yao ni moja na nusu. Walivuna mwezi wa Juni, na kufika Desemba debe la mwisho limekwisha. Mvua hiyo, imenyesha. Ardhi iko tayari na mbegu kidogo ipo, lakini watoto hawajala. Baba na mama wafanye nini? Wanakwenda kibarua kwa jirani mwenye uwezo. Wanamlimia na kumpalilia mpaka jua linapopinduka, wanapewa kisado cha nafaka, wanarudi nyumbani hoi. Shamba lao linangoja. Wakija kulipanda, majuma matatu yamepita, na palizi ni moja tu, tena ya haraka haraka. Mavuno yanakuwa haba. Basi Desemba ya pili inawakuta pale pale, mlangoni kwa jirani.

Sasa bwana shamba akija kuwafundisha faida ya kupanda mapema, unadhani hawaijui? Wanaijua sana. Kupanda mapema kunataka mtu awe na cha kula katika majuma yale ya kupanda, na hapo ndipo fedha kidogo inapoweza kugeuza mambo.

Wenzetu wa Zambia walilipima jambo hili. Kuanzia mwaka 2010 serikali yao ilitoa fedha kila miezi miwili kwa kaya zenye watoto wadogo katika wilaya za Kalabo, Kaputa na Shangombo. Fedha ile haikutolewa kwa ajili ya kilimo, wala hakuna aliyeambiwa anunue jembe. Lakini walengwa walipanua mashamba, wakatumia zaidi mbegu na mbolea, wakaongeza mifugo, na wakapunguza kwenda kulima kibarua kwa wengine. Aliyeona tu kwamba fulani haji tena kibarua angeweza kusema amekuwa mvivu. Kumbe yuko shambani kwake.

Kwetu pia kulikuwa na majaribio, kabla ya mpango wenyewe kuenea nchi nzima. Yalianza kulipa mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliandikwa, 40 vikapata fedha kwanza ili vilinganishwe na vile vingine. Wengi walionunua kitu cha kudumu walinunua mifugo midogo, kuku na mbuzi. Tena walikata kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii kuliko wenzao wasiopata. Kwa maoni yetu kadi ile nayo ni mpango wa kilimo. Ni mara ngapi mbuzi ameuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto ameshikwa na homa usiku?

Lakini mfano unaoeleza zaidi uko ng'ambo ya mpaka, kule Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya. Mwaka 2011 hadi 2012 shirika la GiveDirectly liliwapa watu fedha kwa njia ya simu. Wengine walipewa shilingi 25,200 za Kenya mara moja. Wengine walipewa kiasi hicho hicho, ila kilikatwa vipande vya shilingi 2,800 kila mwezi kwa miezi tisa. Fedha ni moja, kijiji ni kile kile. Je, matumizi yalikuwa sawa? Hata kidogo. Waliopata kidogo kidogo walikula vizuri zaidi. Waliopata kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Mabati yalipendwa sana, na si kwa kujionyesha. Paa la nyasi hutaka kuezekwa upya kila baada ya muda mfupi, na kila mara hula fedha na siku za kazi.

Hapo tunaona jambo ambalo wapangaji wa misaada husahau mara nyingi. Namna fedha inavyofika humpangia mtu matumizi hata kabla hajaitia mfukoni. Hela ndogo ya kila mwezi huitwa na sufuria. Mzigo wa mara moja huweza kusimama ukangoja fundi.

Na ile habari ya kilabu? Kule Rarieda walipima pia. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Walichagua kwa bahati nasibu kama fedha impitie baba au mama, na haikuonekana tofauti kubwa. Sisi tunajua walevi wapo katika kila kijiji, lakini walikuwapo kabla ya fedha.

Baadaye shirika lile lile lilifanya jaribio kubwa zaidi katika sehemu za Siaya na Bomet. Vijiji 44 viliahidiwa fedha ya kila mwezi kwa miaka 12, kila mtu mzima shilingi 2,250 za Kenya. Vijiji 80 viliahidiwa kiasi hicho hicho kwa miaka 2 tu. Vijiji 71 vilipewa karibu thamani ya miaka miwili yote kwa mkupuo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliopewa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 ndio waliofungua biashara ndogo ndogo zaidi. Wa miaka 2 walibaki nyuma, ingawa mpaka wakati wa kupimwa walikuwa wamepokea karibu sawa na wale wa miaka 12.

Sababu yake ni nini? Wa miaka 12 waliutengeneza mkupuo wenyewe, kwa upatu. Tupige hesabu. Watu kumi wakitoa shilingi 1,500 kila mmoja kwa mwezi, mmoja wao anaondoka na 15,000. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine. Lakini wa kumi lazima angoje miezi kumi, na wa kwanza lazima aendelee kutoa baada ya kula chake. Hilo linawezekana pale ambapo kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake mwakani bado atakuwa na cha kutoa. Anayejua fedha inakatika karibuni ataogopa kuingia, au ataogopwa na wenzake.

Turudi kwetu. Katika miaka ya kwanza ya mpango, posho ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezwa kwa ajili ya watoto lakini isizidi 38,000, nayo ililipwa kila baada ya miezi miwili. Ni hela ndogo. Ndiyo sababu tarehe yake ina maana kubwa. Malipo yanayoangukia Novemba au Desemba tungeshauri yawe chakula, bila kuona haya, maana debe la mahindi lililomo ndani ndilo linalokuwezesha kubaki shambani kwako mvua zinapoanza. Malipo yanayoangukia wakati wa mavuno ndiyo ya kununulia kitu. Wakati huo nyumbani pana chakula, na hela ya mkononi inakuepusha kuuza gunia kwa mlanguzi kwa bei ya chini ili upate sare ya shule.

Mkinunua kuku, angalieni kideri. Mitetea mitatu ni mtaji mzuri, lakini ugonjwa ule ukiingia kijijini unaweza kuwamaliza wote kwa juma moja, na mpango wa mwaka mzima ukaishia shimoni. Chanjo ya tone la jicho hutolewa kila miezi mitatu, na chupa moja hutosha kuku wengi. Kwa hiyo chanjeni kwa kushirikiana, nyumba kadhaa siku moja, kabla dawa haijaharibika kwa joto. Tengeni senti za chanjo siku ile ile ya kununua kuku.

Jambo jingine ni deni la dukani. Malipo yakichelewa, unga huchukuliwa kwa daftari, na siku fedha inapofika mwenye duka anakuwa amesimama pembeni ya meza. Kijiji kinayo haki ya kumwuliza mtendaji, mbele ya mkutano, malipo yanakuja tarehe gani na kwa muda gani. Ulizeni mapema, kabla ya kupanga mzunguko wa upatu na kabla ya kukubali mkopo wa mbegu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya dumuzi na namna ya kusafisha ghala kabla ya kuingiza mahindi mapya. Kwaherini.