Presha ya hewa angani: Usiuamini mwili

UKIPIMWA presha kliniki, muuguzi husoma tarakimu kama 120 kwa 80. Hizo ni milimita za zebaki. Katika Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilomita 400 hivi juu yetu, kipimo hicho hicho hutumika, ila kinachopimwa si damu bali hewa wanayopumua wanaanga. Mambo yakiwa sawa, presha hiyo huwa karibu 760, kama ufukweni Mombasa. (Sisi wa Nairobi, kwa kuishi mahali pa juu, tunapumua hewa ya 620 na kitu.)

Nje ya kuta za kituo hamna hewa. Kwa hivyo tundu lolote, hata dogo, huivuta nje hewa ya ndani.

Je, mtu hawezi kuhisi hewa ikipungua? Ikitoka ghafla, masikio huziba na kuzibuka, kama katika ndege. Ikitoka polepole, mwili hudanganya. Ubongo unaokosa oksijeni hauumi. Mtu huweza hata kuchangamka, huku akikosea hesabu rahisi bila kujua. Nayo ikitoka upesi mno, hakuna nafasi ya kufikiri. Juni 1971, vali ya chombo cha Soyuz 11 ilifunguka wanaanga watatu wa Kisovieti wakirejea duniani. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kuhifadhi hewa, na wote walifariki.

Ndiyo sababu kituo kina vihisio vya presha vinavyosomwa na kompyuta, na pia na wahandisi wa Houston na Moscow. Wanaanga nao wana kipimo cha mkononi kisichohitaji umeme. Kengele ikilia, hukusanyika, kisha hukadiria dakika zilizobaki kabla presha haijafika 490, sawa na kuwa mlimani mita 3,500 hivi. Muda ukitosha, hufunga milango mmoja baada ya mwingine wakiangalia kipimo. Presha ikiendelea kushuka baada ya mlango kufungwa, tundu liko upande wao. Ikitulia, liko ng'ambo ya pili.

Usiku wa Agosti 29, 2018, wataalamu walio duniani waliona presha ikipungua kidogo kidogo. Hawakuwaamsha wanaanga, kwani hatari haikuwa ya papo hapo. Asubuhi msako ulifichua tundu la milimita 2 katika chombo cha Soyuz kilichokuwa kimetia nanga kituoni. Lilizibwa kwa shashi iliyolowekwa gundi.

Uvujaji mwingine, katika sehemu ya Kirusi iitwayo Zvezda, ulikuwa mdogo hata vipimo havikuweza kuonyesha mahali hasa. Oktoba 2020 wanaanga walitawanya majani ya chai katika chumba hicho, wakafunga mlango na kuziacha kamera zikitazama. Majani yalielea polepole, yakaelekea kwenye ufa.