Magunia Matatu kwenye Mdomo wa Silanga

Septemba Ukambani ni mwezi wa kuhesabu mawingu. Ndiyo maana, nikiteremka kutoka soko la Kikima kwa barabara ya kwenda Tawa, nilishtuka kuona mtaro wa maji umezibwa kwa magunia matatu yaliyojaa mchanga. Mtaro huo unaanzia ukingoni mwa barabara na kuishia kwenye silanga la boma moja, shimo la mita 8 kwa 8 lililotandikwa karatasi nzito nyeusi. Mvua ikinyesha leo, maji yatagonga magunia na kwenda zake. Mtu achimbe silanga, alifunike, alizungushie ua, kisha ayafungie maji mlango?

Mwenyewe alikuwa ndani ya shimo la tope, koleo mkononi, leso imefungwa kiunoni. Ni ajuza wa kimo kifupi na sauti kubwa, na alipotoka nje kunisalimu nilimwita Susu, yaani nyanya, kama kila mtu anavyomwita pale.

"Maji ya kwanza si yangu," akaniambia. "Hayo ni ya barabara."

Nilimwomba anieleze polepole, naye hakuwa mtu wa kubembelezwa. Tangu mvua za Mei zikatike, alisema, barabara hiyo imepitiwa na ng'ombe, punda na bodaboda zinazovuja oili. Kila kilichodondoka kinasubiri mvua ya kwanza ya Oktoba kikokotwe. Kwa hiyo siku hiyo yeye huchukua mwavuli, akasimama kwenye magunia. Yanayotangulia huwa na rangi ya chai ya maziwa, juu yakielea majani na samadi. Hayo huyaacha yapite hadi kwenye mitaro ya fanya juu, yanyweshe migomba na miembe. Hayaombolezi: mgomba, anasema, haujali samadi.

Kisha huinama akachota kwa kiganja. Husugua maji kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakikwaruza, bado kuna mchanga mwingi. Yakiteleza, kuna udongo mfinyanzi, na huo ndio mbaya zaidi maana hauzami upesi. Halafu hunusa. Harufu ya zizi ikiondoka, huvuta gunia la kati peke yake, huku akiyaangalia maji yanavyoingia kwenye shimo la kwanza la tope, yanatulia, yanamwagikia shimo la pili, ndipo yapite kwenye waya wa kuku hadi silangani. Magunia ya pembeni hungoja. Mvua ikiwa ya radi na kishindo, hayaondoi kabisa: maji yenye kasi hupita juu ya mashimo ya tope bila kuacha kitu.

Na mvua ikiwa ni hiyo moja tu, isirudi? Nilimuuliza hilo kwa sababu ndilo lililokuwa likinikera tangu barabarani. Alinitazama.

"Mwaka huo nilikosa," akasema. Hakuongeza.

Hakuhitaji kuutaja ni upi. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na mtu wa huku Makueni hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa silanga la nyumbani. Kule Yatta, Askofu Titus Masika na Christian Impact Mission walishalifanya kuwa kampeni ya kuachana na mwolyo, yaani chakula cha msaada. Kikima yenyewe iko juu kwenye milima ya Mbooni, ambako Julai watu huvaa sweta mchana kutwa, lakini teremka kidogo tu na vumbi linakupokea.

Kazi nyingine za Septemba nilionyeshwa mbiombio. Tope la mwaka jana, lililojaa hadi magotini, limezolewa na wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, na kumwagwa kwenye sukuma wiki. Ua wa miti umefungwa upya. Kamba yenye mitungi mitupu imevutwa kutoka ukingo hadi ukingo, mtoto akiteleza apate cha kushika, kwa sababu karatasi ile ikilowa haina mahali pa kukanyaga. Wajukuu wakija Desemba kutoka Nairobi huiona hiyo kamba na maji yale, wakauliza kama wanaweza kuogelea. "Ogeleeni kwenu," huwajibu. "Hapa kunanyweshwa sukuma."

Juu ya maji yaliyosalia amefunika wavu wa kivuli. Nilipiga hesabu papo hapo: silanga likijaa, jua likinyonya milimita 5 kwa siku, upana ule unapoteza lita 320, yaani mitungi 16. Wavu hauzuii yote, ila unapunguza.

Nilisema maji yaliyosalia. Kisigino cha maji ya kijani kimebaki chini, na hatakigusa hata mboga zikinyauka. Karatasi ikiachwa tupu, jua huikausha ikapasuka na upepo ukaingia chini yake na kuiinua. Hapo nilikumbuka wenye mabwawa ya kuogelea huko Canada na Ulaya. Kabla ya baridi kali hushusha maji kidogo, hupuliza mabomba hadi yakauke, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bomba, kisha hufunika. Lakini nao hawalimwagi bwawa lote, maana maji ya ardhini yanaweza kulinyanyua kutoka chini. Susu alicheka kusikia kuna watu wanaofunika maji wasiyoyanywa, wala kuyanyweshea chochote.

Tobo nalo ana namna ya kulitafuta. Haingii kupapasa. Hungoja maji yashuke. Yakishuka haraka kisha ghafla yakatulia, tobo liko kwenye mstari pale yalipotulia. Safari hii lilikuwa karibu na kona, kazi ya fuko. Fundi mwenye mashine ya joto amelitia kiraka, lakini amemwambia wazi kwamba karatasi imechoka. Nilipomuuliza atanunua mpya kwa pesa gani alinionyesha mbuzi wawili, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kuna jambo jingine alilolisema kwa sauti ya chini, ajabu kwake. Maji ya barabara ile zamani yalikuwa yakiishia kwa jirani wa chini. Sasa jirani huyo naye amechimba silanga, na anacholetewa ni yale maji ya kwanza, yale ya samadi. Anataka zamu: mvua moja huku, mvua moja kule. Susu anasema yeye ndiye aliyechimba mtaro. Jirani anasema barabara haikuchimbwa na yeyote kati yao. Mzee wa kijiji ameitwa, ameketi nao, amekunywa chai, akaondoka bila uamuzi, na Oktoba ndiyo hiyo.