Kukesha hakutakupa nafasi ya udaktari

Je, wewe ni mtahiniwa wa Kidato cha Nne ambaye hutia miguu katika karai la maji baridi usiku wa manane ili usisinzie vitabuni? Ikiwa ndivyo, na ndoto yako ni kuwa daktari, soma makala haya kisha umwage maji hayo.

Hapa Kenya hakuna mtihani wa pekee wa kujiunga na masomo ya udaktari. Kinachoamua ni matokeo ya KCSE, hasa Bayolojia na Kemia. Nafasi ni chache, na gredi ikishuka katika somo moja tu, yaweza kukukosesha. Ndiyo sababu wengi huogopa kulala.

Hata hivyo, ubongo huimarisha usingizini yale uliyojifunza mchana. Mwaka 2016, wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Anayelala nusu ya muda huo huamka na kichwa kizito, na mengi aliyoyasoma humponyoka.

Utauliza, “Muda wa kusoma nitautoa wapi?” Badili namna ya kusoma. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu wavisome. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Lakini baada ya wiki moja, waliofanya vyema ni wale ambao, badala ya kurudia, waliweka kifungu kando na kuandika waliyoyakumbuka.

Nawe fanya vivyo hivyo. Funga daftari, chora figo, taja sehemu zake na kazi ya kila moja. Kisha fungua daftari ujisahihishe. Jiulize tena kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Tumia mitihani ya miaka iliyopita, nawe uandike majibu bila kuchungulia.

Usipuuze maabara. Katika Bayolojia na Kemia, karatasi ya tatu, ambayo ni ya vitendo, ina alama 40 kati ya 200. Mwombe mwalimu akupe nafasi ya kushika biureti mwenyewe. Mtahiniwa anayeandika 24.5 mstari mmoja na 24 mstari unaofuata hupoteza alama alizozijua.

Mzazi, usimsifu mtoto kwa kukesha. Akikosa usingizi kwa majuma kadhaa, au akila kwa shida kwa sababu ya hofu, zungumza na mwalimu mshauri au umpeleke kwa daktari.

Haba na haba hujaza kibaba. Leo jiulize maswali kumi, kisha uzime taa.