Basi Lisilo Lako: Mazungumzo ya Wangari Maathai na Kazi Zetu za Leo

Swali moja ambalo Wangari Maathai alipenda kuwauliza watu katika semina za Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti, halikutaja mti hata mmoja: ni nini humfanya mtu apande basi lisilo lake? Majibu hayakukosekana. Hakuuliza. Aliuliza akaelekezwa vibaya. Hajui kusoma. Alijiona anajua kila kitu. Aliogopa, au alilazimishwa. Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufikia swali zito zaidi: sisi wenyewe, kama familia na kama nchi, tumepanda basi gani?

Semina hizo zilianza kwa watu kutaja shida zao, na ukiwauliza chanzo, karibu lawama zote zilielekezwa kwa serikali. Maathai hakuwabishia. Serikali ya miaka ile ilistahili lawama, na yeye mwenyewe alipigwa na kufungwa kwa kuisema. Lakini hakuwaacha hapo. Aliwakumbusha kwamba shamba ni lao, na udongo unaozolewa na mvua unatoka kwao. Kupanda miti ya kuushika udongo huo kulikuwa ndani ya uwezo wao. Naamini hapa ndipo penye nguvu ya mazungumzo yale: yalimtoa mtu kwenye malalamiko bila kumdharau kwa kulalamika, yakamfikisha kwenye kipande cha kazi anachoweza kukiamua mwenyewe.

Hata wazo la miti lilitokana na kusikiliza. Mzaliwa huyu wa Ihithe, Nyeri, alikuwa msomi wa shahada ya uzamifu tangu 1971. Wakati Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya likijiandaa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Mexico wa 1975, aliwasikia wanawake wa mashambani wakieleza wanachokosa: kuni, maji safi, chakula chenye lishe, kipato. Jibu lake lilikuwa jepesi: kwa nini tusipande miti? Juni 5, 1977, miche 7 ya kwanza ikapandwa Nairobi.

Je, sisi tunasikilizana hivyo kazini? Nenda kiwanda chochote cha kahawa kati ya Othaya na Kerugoya msimu wa mavuno. Mkulima anamwaga cheri chini, anatenga mbichi na zilizokauka, nyekundu zinapelekwa kwa karani kupimwa. Mashine inamenya, kahawa inalala kwenye matangi, inaoshwa, kisha inaanikwa kwenye meza ndefu ambako wafanyakazi huigeuza kwa mikono na kuifunika wingu likitanda. Anayeigeuza ndiye anayejua ni meza ipi inachelewa kukauka na ni turubai lipi linavuja. Ni nani humuuliza? Mikutano mingi ya kazi katika miji yetu, iwe kiwandani, dukani Karatina au ofisini Embu, ni hotuba ya mkubwa, na mwishoni husikika "kuna swali?" wakati watu wameshainuka. Inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu aliyenyamazishwa leo ndiye atakayelaumiwa kesho kahawa ikishushwa daraja.

Kuuliza nako kuna namna yake. Meneja akisema "mbona kahawa imeharibika?", atapewa visingizio. Akisimama pale mezani na kuuliza "ungekuwa wewe ndiye unayepanga, ungeanza na nini?", kisha akakubali jibu lijaribiwe hata kama si lake, amemkabidhi mwenzake sehemu ya uongozi. Sifa na tafrija za mwisho wa mwaka ni njema, lakini hazifanyi kazi hiyo.

Kwamba anayeifanya kazi ana ujuzi wake, Maathai aliliona pale maafisa wa misitu walipoitwa kuwafundisha wanawake. Walizungumza habari za mteremko wa ardhi, pembe ya miale ya jua na vipimo vya kitalu, hata wanawake waliolima maisha yao yote wakachanganyikiwa. Akawaambia waachane na maneno hayo, watumie akili ile ile wanayopandia mahindi na maharagwe. Wakaotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ambako kuku na mbuzi hawafiki. Wakafundishana, kikundi kwa kikundi, wakajulikana kama wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Wala mazungumzo hayakuishia kwenye kikao. Kikundi kililipwa pesa kidogo, kama senti 4 za Marekani, kwa kila mche ulioshika baada ya kupandwa, kwa hiyo ilibidi mtu arudi, ahesabu, aulize iliyokufa imekufa kwa nini. Hapo mwanzoni, mkuu wa idara ya misitu alikuwa amecheka aliposikia mpango wao wa miti milioni 15, akaahidi kuwapa miche bure. Haukupita mwaka kabla hajalazimika kuiondoa ahadi hiyo, maana wanawake walikuwa wakichukua miche mingi mno.